Kona inapokataa kushika: kutafuta chanzo cha matatizo ya kukata kwa snoubodi na buti laini

Ukimaliza kona, simama. Geuka utazame juu ulikotoka, kwa sababu theluji imeandika kila ulichofanya. Kona iliyokatwa sawasawa huacha mfuo mmoja mwembamba, upana wa vidole viwili hivi, kingo zake safi kama kisu kimepita kwenye mche wa sabuni. Kona iliyoburuzwa huacha alama pana, kama mtu amepitisha fagio la chelewa. Kati ya hizo mbili kuna alama nyingine nyingi, na karibu kila tatizo la kukata kona lina alama yake. Ndiyo maana mtu akiniuliza, "Kaka, mbona ubao wangu hautaki?" simuulizi kwanza ni ubao wa kampuni gani. Namwambia twende tukaangalie mfuo.

Naandika haya nikiwa Minnesota, Marekani. Vilima vyetu ni vifupi: Afton Alps au Buck Hill, kutoka kileleni hadi chini kwa wima ni kama mita 100 tu. Theluji yetu nyingi hutengenezwa kwa mashine, ni nzito na ngumu, na usiku wa Januari baridi ikishuka chini ya nyuzi 20 hasi inakuwa kama sakafu ya saruji. Hatuna theluji ya unga kama ya Niseko kule Japani. Tulicho nacho ni mteremko uliosawazishwa na mashine, wenye michirizi kama meno ya chanuo, na taa zinazowaka hadi usiku. Mahali kama hapa, kukata kona ndiko kunakorefusha mteremko mfupi. Haya yatamfaa pia ndugu yetu aliye Dubai, kwenye theluji ya ndani ya Ski Dubai ambako njia ndefu kuliko zote ni ya mita 400, na aliye Uswisi au Austria kwenye milima mirefu. Makali ya chuma hufanya kazi kwa namna moja popote.

Tuelewane maneno kwanza. Snoubodi nitaiita ubao. Kukata ni ubao kusafiri juu ya makali yake, pua na mkia zikipita njia ileile moja. Ubavu wa ubao umechongwa kwa ndani: mpana puani na mkiani, mwembamba kiunoni. Ukiulaza, uzito wako ukaukunja, ule mchongo unakuwa tao, na tao ndilo linalokuzungusha. Huuzungushi ubao kwa miguu. Unaulaza, nao unazunguka wenyewe. Baindingi ni vile vishikio vyenye mikanda vinavyofunga buti kwenye ubao.

Wanariadha wa mbio za paraleli za Olimpiki huvaa buti ngumu za plastiki, miguu yote miwili ikielekea mbele digrii 50 na zaidi, kwenye mbao nyembamba ndefu. Sisi wa buti laini tunapata kifundo kinachokunjika na uhuru wa kupanda ubao wowote. Lakini mguu wetu umekaa karibu kukingama ubao, na buti ni ndefu kuliko ubao ulivyo mpana. Shika hilo, maana nusu ya matatizo yaliyo hapa chini yanatoka hapo.

Unalala vizuri, halafu makali yanaachia ghafla

Tatizo hili huwafanya watu wengi wajilaumu kwa kosa lisilo lao. Kona inaanza safi. Unaulaza ubao zaidi, na pale nguvu inapofikia kilele chake, ubao unang'oka bila onyo wala mtetemo, nawe uko chini. Rudi kwenye mfuo. Pembeni mwa ule mstari mwembamba, upande wa ndani wa kona, hatua chache kabla ya mahali ulipoanguka, tafuta mkwaruzo wa pili, mfupi, kama mtu aliyeburuta kidole. Hiyo ni buti. Ncha yake, au kisigino, au kikombe cha nyuma cha baindingi, imegusa theluji ikaunyanyua ubao kama jeki inavyonyanyua gari. Makali yamebaki hewani.

Tupige hesabu ya buti yangu. Ni namba 43, na kwa nje ina urefu wa sentimita 31. Ubao wangu wa kwanza ulikuwa na upana wa sentimita 26 pale penye matundu ya skurubu za baindingi. Mguu ukikingama kabisa, digrii 0, buti inazidi ubao kwa sentimita 5, yaani mbili na nusu kila upande. Ukiugeuza mguu digrii 15, buti inachukua kama sentimita 30 za upana, bado zinazidi karibu 2 kila upande. Ncha ya buti imekaa kama sentimita 3 juu ya tumbo la ubao, yaani upande wa chini unaogusa theluji. Hapo buti itagusa theluji ubao ukilala digrii 56 hivi, tena kwenye theluji ngumu kabisa; makali yakizama kidogo, itagusa mapema zaidi. Ukiugeuza mguu hadi digrii 30, buti inachukua sentimita 27 tu, na ziada inashuka chini ya nusu sentimita kila upande. Hapo unaweza kulala mpaka suruali ikafute theluji.

Kama hesabu zinakuchosha, funga buti tupu kwenye baindingi, usimamishe ubao kwa makali juu ya zulia, uulaze taratibu hadi buti iguse. Weka simu yenye programu ya kupimia mwinamo juu ya ubao, usome digrii. Fanya upande wa vidole, kisha wa kisigino. Zikitofautiana kwa zaidi ya digrii 5, buti haijakaa katikati, na hapo umepata dawa isiyo na gharama: legeza skurubu, sogeza baindingi au kikombe chake cha nyuma mpaka ziada ilingane pande zote.

Baada ya hapo geuza miguu. Wengi wetu tulifungiwa baindingi dukani kwa mkao wa bata, mbele digrii 15, nyuma digrii 15 kinyume. Unafaa kwa kuruka na kwenda kinyumenyume. Kwa kukata, jaribu mbele 27 na nyuma 12, zote zikielekea mbele. Ukizoea, 33 na 18. Mguu wa nyuma usiuzidi wa mbele, na usiruke kutoka bata hadi 36 kwa siku moja, maana magoti yatalalamika. Ongeza digrii 3 au 6 kwa wakati mmoja, ushuke mara kumi, ndipo uamue.

Ikiwa bado unagusa, vipo vibamba vya kuinua baindingi, na zipo buti zilizofupishwa kwa nje bila kubana mguu. Lakini tafadhali usinunue buti inayokubana ili kupunguza ziada. Mguu uliokufa ganzi hauwezi kusikia makali. Dawa kamili ni ubao mpana, na nitaurudia mwishoni.

Upande wa kisigino unatetemeka

Mfuo wake unaonekana kama mshono wa cherehani: nukta, nafasi, nukta, nafasi. Miguuni unasikia mgongano wa haraka haraka, kisha ubao unateleza kwa ubavu. Upande wa vidole uko sawa; tatizo ni kisigino tu.

Mara nyingi chanzo ni kukaa. Mwangalie mtu wa namna hii kutoka chini ya mteremko: matako yametoka nje mbali na ubao, kiuno kimekunjwa, mguu wa mbele umenyooka kama mwiko, kifua kinatazama vidole. Amekaa kama aliye juu ya mbuzi anakuna nazi. Uzito umeondoka juu ya makali ukaning'inia hewani ndani ya kona, na ubao hauna wa kuukandamiza kwa utulivu. Unashika, unaachia, unashika tena.

Mimi nilitetemeka hivi misimu miwili. Nikabadilisha baindingi, nikabadilisha ubao, nikalaumu barafu. Kilichonitoa ni zoezi moja: ukiingia kona ya kisigino, peleka mkono wa nyuma uguse goti la mbele kwa nje, na uushike pale hadi kona iishe. Huwezi kulifanya bila kukunja magoti, wala bila kuleta bega la nyuma mbele, na bega likija kiuno kinalifuata, nacho kinarudi juu ya makali. Siku ya kwanza nilijiona kama natafuta kitu kilichoanguka. Mshuko wa nne au wa tano, mshono wa cherehani ulikwisha, ukabaki mstari.

Ikiwa mwili uko sawa na bado unatetemeka, kagua vitu vitatu. Kwanza, mgongo wa baindingi, ile plastiki ndefu nyuma ya shavu la mguu: ukiwa umesimama wima mno, lazima ujivute sana nyuma ndipo makali yaingie, uinamishe mbele pingili moja au mbili. Pili, mkao wa bata, kwa sababu goti la nyuma likivutwa kinyume, kiuno hakiwezi kugeuka kuelekea unakokwenda. Tatu, makali yenyewe. Anayejifunza hufunga breki kwa kisigino siku nzima, kwa hiyo makali ya kisigino huliwa kabla ya yale ya vidole. Yapapase yote mawili kwa ukucha, utasikia tofauti.

Mwanzo wa kona mpana, mwisho mwembamba

Hapa alama inaanza kama fagio na kumalizika kama kalamu. Maana yake umeanza kona kwa kusukuma mkia na mguu wa nyuma, ukasubiri ubao ukae, ndipo ukaulaza. Sababu ni hofu, na hofu hiyo ina haki yake: kuna kipindi kifupi ambapo pua inaelekea chini moja kwa moja, kwenye njia ambayo maji yangefuata yakimwagwa, na mwendo unapanda. Mwili unataka kukipita haraka.

Huwezi kuishinda hofu hiyo kwenye mteremko mkali, kwa hiyo shuka kwenye ule wa wanaoanza, ulio tupu, asubuhi. Elekea chini moja kwa moja, laza ubao kidogo upande wa vidole kwa kukunja vifundo na kusukuma magoti kuelekea theluji, kisha usifanye kitu kingine chochote. Hesabu moja, mbili, tatu, nne. Ubao utakupeleka pembeni, kisha utaanza kupanda mlima wenyewe, na utasimama. Panda uangalie mfuo. Ukiwa fagio popote, rudia. Fanya pande zote mbili hadi ukikosa uwe unajua ulipokosa hata kabla ya kugeuka kutazama.

Ukiunganisha kona, badilisha makali ukiwa bado unakatisha mteremko, kabla pua haijaanza kushuka. Unakuwa umelalia upande wa bondeni kwa nukta moja, na hiyo nukta inatisha. Lakini ndiyo inayofanya makali yawe yameshika tangu mwanzo.

Dada mmoja kutoka Mombasa niliyekuwa nikimfundisha alisimama katikati ya mteremko wa wanaoanza, akatazama mfuo wake wa kwanza safi, akaniita: "Kaka, njoo uone, kama nimechora kwa penseli!" Alikuwa na ubao wa kukodi, makali butu, buti za mtu mwingine. Kwenye mteremko wa upole hata hivyo vinatosha.

Mwanzo mwembamba, mwisho mkia unaponyoka

Hii ni kinyume chake, na chanzo chake ni kimojawapo kati ya viwili. Cha kwanza ni kulala kwa bega: umefurahia kona, ukaangusha mwili mzima ndani, mkono ukatafuta theluji. Mwili umelala kuliko ubao, uzito umeondoka kwenye makali. Kinachotakiwa ni ubao kulala kuliko mwili. Magoti na kiuno viingie ndani, mabega yabaki yakifuata mteremko. Kugusa theluji kwa mkono ni matokeo, usiyatafute.

Hapa fizikia inasaidia. Ili mwili ulale digrii 60 bila kuanguka kwenye tao la mita 5, unahitaji mwendo wa kilomita 33 kwa saa hivi. Anayeona picha za watu waliolala chali wakikwangua theluji kwa kiwiko, kisha akajaribu kwa mwendo wa baiskeli ya mtoto, ataanguka, na buti au ubao havina lawama.

Chanzo cha pili ni kuusahau mguu wa nyuma. Uzito unaanza mbele kidogo, unafika katikati kona ikiwa nusu, unamalizikia nyuma kidogo. Ukiubana mbele hadi mwisho, mkia unakosa wa kuukandamiza. Safari hiyo ni ya sentimita chache tu kiunoni.

Ubao hauna mshiko kabisa, pande zote mbili

Sasa ndiyo tunazungumza makali. Mbao nyingi hutoka kiwandani makali yakiwa yameinuliwa digrii 1 kwa upande wa tumbo ili zisimkwamishe anayejifunza, na kwa ubavu digrii 90 au 89. Kwa theluji ngumu ubavu wa digrii 88 au 87 unauma vizuri zaidi. Upande wa tumbo usiuguse ovyo, kwa sababu kila unapoupiga tupa mwinuko unaongezeka, na kuurudisha inabidi tumbo zima lisagwe kwa mashine.

Mzee mmoja wa duka la matengenezo alinionyesha namna ya kunoa nisiyoisahau. Alichukua kalamu ya wino wa kudumu, akapaka makali yote meusi kwa ubavu. Akaweka tupa kwenye kishikio cha digrii 88, akavuta mara moja, taratibu, kutoka puani kwenda mkiani. Tulipoangalia, wino ulikuwa umeondoka kwenye ukingo wa juu tu. Ule wa chini, unaogusa theluji, ulibaki mweusi. "Umeona?" akasema. "Miaka yote hii umekuwa ukinoa mahali pasipokata." Alivuta tena na tena hadi weusi wote ukaisha, akapitisha jiwe la almasi lenye maji kuondoa vinyweleo vya chuma vilivyochomoza, akamalizia kwa raba ngumu puani na mkiani tu. Kisha akakwangua ukucha wa kidole gumba juu ya makali. Ukaacha unga mweupe. Hicho ndicho kipimo: ukucha ukiteleza bila unga, hayajanoleka.

Kama ubao umegonga jiwe au chuma, mahali pale chuma hugeuka kigumu kuliko tupa, na tupa itateleza juu yake. Anza na jiwe la almasi hapo, ndipo tupa. Na ukifika nyumbani futa makali yakauke. Kutu ya usiku mmoja ndani ya mfuko wenye maji inakula kazi ya saa nzima.

Kipimo kingine: weka rula ya chuma kukingama tumbo la ubao, elekeza kwenye taa. Mwanga ukipita katikati, makali yako juu kuliko tumbo na ubao utakuwa unakwamakwama hata ukienda moja kwa moja. Ukipita pembeni, tumbo limevimba, makali hayafiki kwenye theluji hadi umelala sana. Vyote viwili ni kazi ya mashine ya kusaga, peleka dukani.

Barafu ya bluu inayoonyesha chini kama kioo ni jambo jingine. Hapo hata makali mapya yana kikomo. Punguza kulala, au ngoja jua.

Kona ni kubwa mno, mteremko unaisha kabla hujazunguka

Tazama namba iliyoandikwa kwenye ubao au kwenye karatasi zake: nusu kipenyo cha mchongo wa ubavuni, kwa mita. Mbao za kawaida zina kati ya 7 na 8. Za kukatia kwa buti laini nyingi ziko kati ya 8 na 11. Namba hiyo ni ya ubao usiolala. Ukiulaza, tao linapungua: ubao wa mita 8 ukilala digrii 45 unachora tao la karibu mita 5.7, na digrii 60 unachora mita 4. Kwa hiyo ubao haukatai kugeuka. Haujalala vya kutosha, au mwendo hautoshi kukuruhusu kuulaza. Ubao wa mita 12 kwenye kilima chetu cha Buck Hill unakupa kona tatu, umefika chini. Hapa kwetu mimi nabaki na 8 au 9. Aliye kwenye njia pana na ndefu za milima ya Alps aongeze.

Na hapa niseme jambo la usalama kwa uzito wote. Anayekata kona anachukua upana wote wa mteremko, na anakatisha mbele ya watu wanaoshuka nyuma yake. Sheria ya milimani inasema aliye juu amwachie aliye chini, lakini anayekuja nyuma yako anategemea utaendelea kushuka, hategemei uvuke njia yote, na ukiwa upande wa kisigino humwoni. Tazama juu kabla ya kila mfululizo wa kona. Subiri mteremko uwe na nafasi. Vaa helmeti. Asubuhi ya siku ya kazi ni bora kuliko Jumamosi mchana, kwa theluji na kwa roho za watu.

Pua inazama, ubao unajikunja

Hii hutokea Machi, theluji ikiwa imeloa kama ugali usioiva, au ubao ukiwa laini mno kwa uzito wako. Rudisha uzito katikati, lainisha mwingilio wa kona. Ikitokea hata kwenye theluji ngumu, ubao haukufai; nusu ya mbele inakunjika kuliko mchongo wake.

Buti zimechoka

Dalili yake haionekani kwenye mfuo moja kwa moja, bali kwenye kuchelewa: unakunja goti, ubao unalala nusu sekunde baadaye. Funga buti kabisa, simama kwenye sakafu, piga goti mbele. Kisigino kikinyanyuka ndani ya buti, uzi wa ndani haubani, au sponji imekufa. Buti laini hulegea kadiri zinavyotumika. Kwa kukata, nunua zilizo ngumu kidogo kuliko unavyopenda dukani. Kamba ikikosa kubana kifundo, kibanzi cha sponji kinachobandikwa pembeni mwa kisigino kinasaidia sana kwa pesa kidogo.

Nyayo zikiuma, umekaza mikanda kupita kiasi kufidia buti iliyolegea. Goti la nyuma likiuma kwa ndani, punguza digrii za mguu wa nyuma au sogeza baindingi zikaribiane sentimita moja. Mapaja yakiungua upande wa kisigino peke yake, rudi kwenye ile habari ya mbuzi ya nazi.

Ubao wa namna gani

Nimeuweka mwisho kwa makusudi, kwa sababu watu huanzia hapa. Ukishapita yote ya juu na buti bado inagusa, au ubao bado unajikunja, basi ndiyo, badilisha.

Angalia upana kwanza, tena upana pale penye matundu ya baindingi, maana kiuno, ambacho ndicho huandikwa, ni chembamba kuliko hapo. Kwa buti yangu ya sentimita 31, ubao wenye sentimita 27.5 kwenye matundu na mguu digrii 21 huacha ziada ya milimita 7 kila upande, na hapo sijagusa tena. Upana una gharama yake: ubao unabadilisha makali polepole zaidi, na mwenye mguu mdogo atahangaika nao. Mwenye namba 38 hana haja ya ubao wa upana huo.

Jambo la pili ni upinde. Uweke ubao sakafuni: kama katikati imeinuka na umegusa karibu na pua na mkia, huo una upinde, na ukiukanyaga makali yote yanakandamizwa kwa urefu wake. Kama umekaa kama mtumbwi, katikati imegusa na ncha zimeinuka, ni mzuri kwa theluji ya unga na kwa kujifunzia, ila makali yanayoshika ni mafupi. Kwa kukata chagua upinde. Kampuni ya Lib Tech wao hutengeneza makali yenye mawimbi badala ya mstari ulionyooka ili yapate mahali zaidi pa kuuma kwenye barafu, na kwa Minnesota ninayapenda, ijapokuwa kuyanoa kunataka subira.

Kisha urefu wa makali yanayogusa. Mbao mbili za sentimita 160 zinaweza kutofautiana sana: yenye pua ndefu ya mviringo ina makali mafupi, yenye pua butu iliyokatwa ina makali marefu kwa urefu uleule. Ugumu wa kujisokota nao una uzito wake. Shika pua kwa mikono miwili, mwenzako ashike mkia, jaribuni kuukamua kama nguo. Ukisokoteka kirahisi, pua itaachia mapema kona ikikaza.

Gentemstick ya Japani na Korua Shapes ya Ulaya wamejenga jina kwenye mbao za kukatia kwa buti laini, nyingi zikiwa na mkia mwembamba kuliko pua, unaoachia kona kwa upole. Donek wa Colorado hutengeneza kwa oda, unawapa uzito wako na namba ya buti. Ndio waliotengeneza ubao wenye jina la Ryan Knapton, Mmarekani aliyewafanya wengi waamini kwamba buti laini zinaweza kulala hivyo. Si lazima uanzie kwa hao. Ubao wa kawaida uliotumika, wenye upinde, uliopitwa na mitindo, wenye upana unaolingana na mguu wako, ukanolewa digrii 88, utakufikisha mbali.

Ukienda kukodi au kununua, beba rula. Pima upana kwenye matundu ya nyuma, pima buti yako kwa nje, toa moja kwa nyingine. Ikizidi sentimita 4, muombe kijana wa duka akufungie miguu yote miwili ikielekea mbele, usubiri hapo hapo ahakikishe buti imekaa katikati, ndipo utoke nje kwenye theluji.